Nukta ukutani haitoshi: macho na mizani ya mwili kwa mwenye MS

"Tazama nukta moja ukutani, usiyumbe." Mtu mwenye ugonjwa wa neva uitwao maltipo sklerosisi, au MS kama wengi wanavyouita, hupewa agizo hilo mapema kabisa anapoanza mazoezi ya mizani ya mwili. Mara nyingi haongezewi jingine. Na kweli linasaidia papo hapo: akikaza macho kwenye nukta, kuyumba kunapungua na kila mtu anaridhika. Kisha umeme unakatika saa mbili usiku akiwa njiani kwenda chooni, na nukta haionekani tena.

Sisemi macho yasitumike. Yatumike, tena sana. Ninachopinga ni kuyatumia bila kujua yanabeba kazi ya nani. Mwili husimama kwa taarifa za aina tatu: kinachoonwa na macho, kinachohisiwa na sikio la ndani kichwa kinapogeuka au kuinama, na kinachotoka kwenye nyayo, vifundo na misuli kupitia uti wa mgongo. MS hushambulia utando unaofunika nyuzi za neva katika ubongo, uti wa mgongo na neva ya jicho, na utando huo ukiharibika taarifa huchelewa au hufika zimepotoka. Kwa wagonjwa wengi, zinazochelewa zaidi ni zile zinazopanda kutoka miguuni. Mgonjwa hajui hivyo. Anachojua ni kwamba siku hizi anatembea akiangalia chini, na akioga, akifumba macho sabuni isimwingie, lazima ashike ukuta.

Kwa hiyo kabla ya zoezi lolote, apimwe. Kipimo ninachokipendelea hakihitaji mashine. Tafuta kona ya chumba, weka kiti imara mbele, mtu mmoja asimame karibu kwa kudaka. Mgonjwa asimame pekupeku, miguu pamoja, mikono imekunjwa kifuani, sekunde 30 kila hatua: sakafuni macho wazi, sakafuni macho yamefumbwa, juu ya sponji macho wazi, juu ya sponji macho yamefumbwa. Sponji iwe nzito, unene wa sentimita 8 hadi 10. Ya godoro laini lililochoka haifai, maana miguu inazama mpaka inagusa sakafu na kipimo kinakuwa cha uongo. Akifungua macho, akinyanyua mkono au akisogeza mguu, simamisha saa na uandike sekunde. Rudia mara tatu, chukua wastani.

Anayeyumba sana sakafuni mara tu anapofumba macho anaishi kwa macho, kwa kuwa nyayo zake hazimpi habari za kutosha. Hili ndilo Moritz Romberg, daktari Mjerumani wa karne ya 19, alilolieleza kwa wagonjwa wa uti wa mgongo, na jina lake bado limo kwenye kipimo hicho. Anayemudu hatua tatu za kwanza na kushindwa ya nne tu, mara nyingi taarifa za sikio la ndani hazitumiki vizuri. Anayepepesuka tangu hatua ya kwanza, macho yakiwa wazi na sakafu ikiwa ngumu, mtazame kwa upande wa ubongo mdogo (sehemu ya nyuma ya ubongo inayoratibu mwendo) na nguvu za miguu, na sponji isahau kwa sasa. MS huacha makovu mahali pengi, kwa hiyo majibu huchanganyika. Hata hivyo majibu yaliyochanganyika yana faida kuliko kubahatisha.

Sasa mazoezi yenyewe. Ya kwanza ni ya kumwonyesha mgonjwa mwili wake. Vifaa vya michezo ya video vimejaribiwa. Huko Italia utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulitumia ubao wa Nintendo wa kupimia uzito nyumbani kwa wagonjwa 36, kwa wiki 12, na mizani yao ya mwili ikawa bora. Yakatokea pia maumivu ya goti na kiuno yaliyohusishwa na mazoezi. Si ajabu: mchezo unamvuta mtu aendelee, na hakuna wa kumwambia goti lake limeingia ndani.

Mizani mbili za kupimia uzito, zile za bafuni, zinafanya sehemu kubwa ya kazi hiyo. Ziwe za aina moja. Zijaribu kwanza kwa kuweka kitu kilekile juu ya kila moja, na zikitofautiana, andika tofauti hiyo. Mgonjwa asimame mguu mmoja huku, mmoja kule, meza au kaunta ikiwa mbele yake. Mtu wa kilo 60 anatakiwa kuona karibu 30 kila upande. Wengi huona 38 kwa 22 na hushangaa, kwa kuwa walidhani wamesimama sawa. Tatizo moja hujitokeza mapema: akiinamisha kichwa kusoma namba, uzito unahama na namba zinabadilika. Msaidizi azisome kwa sauti, au simu iwekwe chini ikirekodi.

Hapa ndipo wengi hukosea, na ndipo penye hoja yangu. Ukimsomea namba kila mara, ataegemea namba kama alivyoegemea nukta. Fanya hivi: mara tano asikie namba na ajirekebishe. Mara ya sita afumbe macho, ajisawazishe kwa hisia za miguu peke yake, akadirie kila mguu umebeba kilo ngapi, ndipo asomewe. Tofauti kati ya makadirio na ukweli ndiyo alama yake ya siku hiyo. Siku zinavyokwenda, namba zitolewe mara chache zaidi: moja kati ya tatu, kisha moja kati ya tano. Kioo nacho kifuate utaratibu huo. Bandika utepe wima katikati ya kioo, pua na kitovu vikae juu ya utepe, kisha ageuke akipe kioo kisogo, arudie mkao uleule bila kuuona.

Ya pili ni ya macho na kichwa pamoja. Kule Colorado, Marekani, Jeffrey Hebert na wenzake walichapisha mwaka 2018 jaribio la watu 88 wenye MS, ambao baadhi yao walichanganya mazoezi ya mizani na ya kuchezesha macho: mara mbili kwa wiki kwa wiki sita chini ya msimamizi, kisha mara moja kwa wiki kwa wiki nane. Waliofanya walipata mizani bora, na kizunguzungu na uchovu vikapungua. Walilinganishwa na watu ambao hawakupewa mazoezi yoyote, kwa hiyo sehemu ya nafuu inaweza kuwa ya kuhudumiwa tu. Bado naona ni ushahidi mzuri kuliko mengi yanayouzwa.

Zoezi la msingi ni hili. Andika herufi moja kwenye kadi, urefu wa sentimita moja, uishike kwa mkono ulionyooka au uibandike usawa wa macho. Geuza kichwa kushoto na kulia huku macho yakibaki kwenye herufi, kama mtu anayekataa jambo kwa upole. Kichwa kisivuke nyuzi 20 kila upande. Anza ukiwa umeketi, sekunde 30, kisha juu na chini sekunde 30. Herufi ikianza kutia ukungu au kurukaruka, mwendo umezidi: punguza. Kuendelea huku huioni sawasawa hakufundishi kitu. Ukimudu dakika moja ukiwa umeketi, simama miguu ikiwa imeachana. Baadaye miguu pamoja, baadaye mguu mmoja mbele ya mwingine. Badili jambo moja tu kwa wakati. Kosa ninaloliona sana ni mabega kugeuka pamoja na kichwa. Msaidizi akiweka viganja juu ya mabega, linakwisha.

Kizunguzungu kidogo ni sehemu ya kazi, mradi kitulie ndani ya dakika 15 hivi. Kikikaa saa nzima, dozi ilikuwa kubwa: kesho punguza muda nusu, usipunguze siku.

Kuna ambao zoezi hili haliwaendei kabisa. MS ikigusa shina la ubongo, jicho moja linaweza kuchelewa kugeukia puani na mtu anaona viwili kila akitazama pembeni. Huyo afunike jicho moja ili apate picha moja, lakini ajue anapoteza uwezo wa kupima kina, kwa hiyo ngazi na hatua ndefu zisubiri. Na aliyewahi kuvimba neva ya jicho anaweza kusoma ubao wa daktari vizuri tu na bado asione ukingo wa ngazi ya saruji wenye rangi moja na ngazi inayofuata. Utepe wa njano ukingoni unamsaidia kuliko wiki nzima ya kusimama kwenye sponji. Miwani yenye sehemu ya kusomea upande wa chini nayo huharibu ngazi. Atafute ya mbali peke yake kwa kutembelea.

Nyayo zikiwa zimekufa ganzi kabisa, sioni sababu ya kumtesa mtu kwa mazoezi ya kufumba macho eti apone utegemezi. Macho ndiyo nguzo iliyobaki. Mpe taa ya kuchaji kando ya kitanda, fimbo, na njia ya chooni isiyo na mkeka.

Joto lisisahaulike, hasa kwa anayefanyia mazoezi Mombasa au Dar es Salaam. Wilhelm Uhthoff, daktari wa macho Mjerumani, alieleza mwaka 1890 jinsi macho ya wagonjwa hawa yanavyofifia kwa muda wakifanya kazi ya kutumia nguvu; baadaye ikajulikana kuwa chanzo ni joto la mwili, na macho hurudi ukipoa. Fanya asubuhi mapema, feni iwake, kitambaa cha maji baridi shingoni, dakika 10 mara mbili badala ya 20 mfululizo. Tazama vidole vya miguu: vikianza kung'ang'ania sponji na kupauka, misuli imechoka, na marudio yanayofuata ni ya kufundisha makosa. Ukungu wa macho unaoondoka baada ya kupoa si wa kutisha. Dalili mpya, au ya zamani iliyozidi, ikidumu zaidi ya saa 24, mazoezi yasimame na daktari wa neva apigiwe siku hiyo hiyo.