Gego la utoto likioza: huku wanalivika kofia, nyumbani tunaling'oa

Kila nikiongea na watu wa nyumbani Tanzania kuhusu meno ya watoto jibu ni lile lile, aah kwani si ya utoto, yatang'oka yenyewe. Mi nimekaa Uingereza muda wa kutosha na kwa ninavyoona hiyo kauli ndo inatutofautisha na watu wa huku kuliko mashine, kuliko majengo, na wakati mwingine kuliko hata hela. Watu wanadhani kumvika mtoto kofia ya chuma kwenye gego bovu ni mambo ya wazungu na wenye nazo. Siyo kweli, na nitasema kwa nini.

Tuanze na hilo la kung'oka. Meno ya utoto yako 20 na yote yatatoka sawa, ila hayatoki siku moja. Ya mbele yanaanza kulegea kwenye miaka 6 hivi, lakini magego yanakaa mpaka 10, 11, wengine mpaka 12. Sasa mtoto wa miaka 4 gego limetoboka, ana miaka 6 mbele yake ya kutafunia hilo hilo jino, unamwambiaje asubiri? Halafu ganda la nje la jino la utoto ni jembamba na kiini cha ndani chenye mshipa ni kikubwa, kwa hiyo uozo ukishaingia hauchelewi kufika kwenye mshipa, leo unaona kitundu unasema kadogo tu, baadaye mtoto halali na nyumba nzima hailali.

Na kung'oa nako kuna gharama yake ambayo haionekani siku ile. Gego la mwisho la utoto ndo linamshikia nafasi mwenzake wa kudumu anayekuja chini yake. Ukilitoa mapema, gego la kudumu linalotokea kwa nyuma kwenye miaka 6 linasogea mbele, pengo linabanwa, na lile lililokuwa lije pale linatoka limepinda au linakwama kabisa. Mzazi anakuja kushangaa baadaye mbona meno ya mwanangu yamebanana hivi wakati kwetu hatuna meno ya namna hii.

Sasa huku, gego la utoto likioza zaidi ya upande mmoja daktari anayejua watoto hapendi kuliziba ziba tu maana kujaza kwenye jino dogo hivyo kunabanduka mapema. Anavika kofia ya stili. Ni kitu cha zamani, tangu 1950 daktari Humphrey wa Marekani alishaandika habari zake. Zinakuja zimetengenezwa tayari kwa saizi mbalimbali, daktari anajaribisha mpaka inayoenea, anaweka simenti ndani, anaibana, basi. Jino likifika muda wake linang'oka na kofia yake juu, wala hakuna cha kuja kuitoa.

Kilichonibadilisha mawazo kabisa lakini ni staili ya Scotland. Kulikuwa na daktari wa meno wa kawaida tu, Norna Hall, miaka ya 1980 akaanza kuwavika watoto kofia bila sindano ya ganzi, bila kuchonga jino, na bila kukwangua uozo. Anafungia uozo ndani! Nami niliposikia mara ya kwanza nilisema huyu anaficha uchafu chini ya mkeka. Ila maelezo yake yanaingia akilini, wale bakteria wanaishi kwa sukari inayopita mdomoni, ukiwafunika vizuri na simenti chakula hakiwafikii na uozo unasimama. Kumbukumbu za wagonjwa wake zikachambuliwa na kuchapishwa 2006, na pia ukafanyika utafiti huko huko Scotland, watoto 132, mtoto yule yule jino moja linavikwa kofia na lingine linazibwa kawaida. Baada ya miaka 5 matatizo makubwa kama maumivu na usaha yalikuwa kama asilimia 3 kwa meno ya kofia na 16.5 kwa yaliyozibwa. Na watoto wenyewe wengi walipenda kofia, natural, nani anapenda sindano ya mdomoni.

Hapo ndo napoona tunajidharau. Ukiitazama hiyo njia haihitaji umeme, haihitaji mashine ya kuchonga, haihitaji ganzi, inahitaji boksi la kofia, simenti, eksirei ikipatikana, vimpira vidogo vya kutanua nafasi kati ya meno siku chache kabla, na daktari aliyefundishwa. Sasa hiyo inafaa wapi zaidi, huku au nyumbani? Na tusisahau ile njia ya kuziba meno kwa vifaa vya mkono bila umeme, ART wanaiita, inayofundishwa dunia nzima, ilianzia Tanzania katikati ya miaka ya 1980, na 1994 Shirika la Afya Duniani likaiunga mkono hadharani. Yaani wazo la kutibu jino la mtoto kwa vitu vichache lilishazaliwa kwetu, halafu sisi ndo tunaongoza kusema yatang'oka.

Na msidhani huku ni peponi. Matibabu ya meno kwa mtoto chini ya miaka 18 ni bure kwenye NHS, yaani huduma ya afya ya serikali ya huku, ila kumpata huyo daktari wa NHS anayepokea wagonjwa wapya ni shughuli nyingine, sehemu nyingi unapiga simu unaambiwa hatupokei, jiandikishe usubiri. Matokeo yake England watoto wa miaka 5 mpaka 9 sababu namba moja inayowalaza hospitali ni meno kuoza, wanalazwa usingizi wa dawa wanang'olewa, mengine kwa mkupuo. Nchi hii! Nyumbani kwa ninavyokumbuka unakaa foleni lakini jioni umeshaonwa, na hilo watu wa huku wangelilipia. Shida yetu ni kwamba ukishaonwa jibu linakuwa koleo.

Sisemi kila jino livikwe. Mtoto anayeamshwa usiku na jino, au ana kijipu kwenye ufizi, au usaha, huyo kumfunikia tu ni kumkosea, hapo lazima kiini kitibiwe kwanza ndo kofia ije juu, au jino liondoke kweli. Na mtoto mwenye tatizo la valvu za moyo daktari aambiwe kabla hajagusa chochote. Kwa hiyo njia ya Scotland ni ya anayewahi, na kuwahi ndo kipengele, ukishajiambia ni ya utoto huendi kuwahi.

Halafu kuna la muonekano, hili najua litaleta maneno. Kofia ya stili inang'aa, mtoto akicheka sana inaonekana, na mashangazi watauliza kwa nini mmemtia mtoto vyuma. Zipo nyeupe za zirkonia, aina ya kauri ngumu, nzuri sana kwa macho, ila zinataka jino lichongwe zaidi, hazikunjiki kuendana na jino kama stili, na bei yake iko juu. Kwa meno ya mbele naelewa mtu akitaka nyeupe. Kwa gego la nyuma mi naona ni kulipia picha, stili inatosha.

Ukienda kwa daktari na mtoto ana gego limetoboka na halijaanza kuuma usiku, muulize moja kwa moja, hili haliwezi kuvikwa kofia? Akisema hana, muulize nani anazo. Na akivikwa, siku za mwanzo atalalamika kwamba meno hayakutani vizuri, kofia iko juu kidogo, ufizi pembeni umekuwa mweupe, hiyo ni kawaida na ndani ya wiki chache meno yanajipanga yenyewe. Ikichomoka usiitupe, irudishe na mtoto, mara nyingi inabandikwa tena hiyo hiyo.