Fundi hana mashine, lawama anazo

Mwandishi umesema malori yanalala njiani kwa sababu mafundi wetu ni wababaishaji. Mimi ni fundi dizeli Iringa, mwaka wa 14 huu. Malori ya zamani nilikuwa nasikiliza mlio tu: nafungua filta, namwaga maji, natoa upepo kwa pampu ya mkono, linawaka. Haya ya sasa nozeli, zile zinazopuliza dizeli ndani ya injini, zinaendeshwa kwa umeme. Waya mmoja ukikatika gari linagoma mlimani, na mwenye mashine ya kupimia hitilafu anatoza kila akiichomeka kwenye gari. Juzi nimelala chini ya semi pale mlima Kitonga hadi saa tisa usiku, utingo ananimulikia kwa simu, tajiri anapiga kila baada ya dakika kumi. Kumbe dereva wake alijaza dizeli chafu ya madumu!