Amplifaya ya Kiingereza iliyoanza kama nakala

Tangu niliponunua amplifaya ya gitaa iliyoundwa kwa mkono, yenye valvu mbili za EL84 (mirija ya kioo inayokuza sauti), swali ninaloulizwa sana na wapiga gitaa wenzangu halihusu namna inavyolia. Wanataka kujua kama vipuri vyake ni "vya asili", yaani kama kapasita, vipuri vinavyohifadhi chaji ya umeme, ni za miaka ya 1960 na kama valvu zilitoka kwenye kiwanda cha Mullard kule Blackburn, Uingereza. Si vya asili, na kwa maoni yangu swali hilo halina uzito linaopewa.

Tuitazame amplifaya ya kwanza ya Marshall. Jim Marshall alikuwa mpiga ngoma mwenye duka la ala za muziki huko Hanwell, magharibi mwa London, na amplifaya za Kimarekani ambazo wapiga gitaa walizitamani zilikuwa ghali mno kuagizwa. Mwaka 1962 yeye, Ken Bran na kijana Dudley Craven waliifuata mojawapo ya hizo, Fender Bassman, karibu waya kwa waya, ikapatikana JTM45. Hata hivyo walitumia vilivyopatikana Uingereza: transfoma za huko huko, valvu ya kwanza kupokea sauti ya gitaa, aina ya ECC83, ambayo hukuza sauti zaidi kuliko 12AY7 iliyokuwa katika Bassman, baadaye valvu za nguvu za KT66, na badala ya spika nne za inchi 10 katika sanduku lililo wazi nyuma, wakaweka nne za Celestion za inchi 12 katika sanduku lililozibwa. Sauti nzito inayoitwa leo ya Kiingereza ilitoka kwa kiasi kikubwa katika tofauti hizo. Kwa hiyo anayetumia fedha nyingi kutafuta kapasita kuukuu ili awe mwaminifu kwa watu hao anafanya jambo ambalo wao wenyewe hawakulifanya.

Amplifaya yangu ni ya ukoo mwingine, ule wa Vox AC15, ambayo Dick Denney aliisanifu na ikaanza kuuzwa mwaka 1958 na kampuni ya Tom Jennings ya Dartford. Ni ya wati 15 tu, lakini katika chumba kidogo wati 15 za valvu zinatosha kukugombanisha na majirani. Katika hatua yake ya mwisho hakuna njia inayorudisha sehemu ya sauti nyuma ili kuirekebisha, na ndiyo maana ukigusa nyuzi kwa upole hulia safi, ukikaza mkono huanza kukwaruza kidogo kidogo, bila mpaka unaoweza kuuonyesha kwa kidole. Umeme wake wa ukutani hugeuzwa kuwa wa mkondo mmoja na valvu pia, kwa hiyo ukipiga nyuzi kadhaa pamoja kwa nguvu volti hushuka kwa kitambo kifupi, kisha sauti huinuka tena kama mtu anayevuta pumzi. Sijawahi kusikia tofauti ya umri wa kapasita kwa uwazi wa namna hiyo.

Kazi ya mkono ninaithamini kwa sababu nyingine. Vipuri vimelehemiwa juu ya vigingi vya shaba, kila kimoja kikionekana, hivyo rezista ilipoungua fundi aliibadilisha mbele yangu. (Alianza kwa kuondoa chaji katika kapasita, ambazo huhifadhi volti mia kadhaa hata baada ya plagi kuchomolewa, asiyejua kazi hiyo asifungue.)

Ndiyo maana nawashangaa baadhi ya waundaji wa leo wanaonakili mchoro wa mwaka 1958, kisha wanaimwagia saketi gundi nyeusi ili mwingine asiinakili. Aliyeunda yangu alibandika mchoro mzima ndani ya ubao wa nyuma, na pembeni mwa kila valvu akaandika kwa penseli volti alizozipima siku alipoiwasha mara ya kwanza.