Mkaguzi wa maegesho asilipwe na mwenye jengo

Mchana wa tarehe 18 Aprili 2023, jengo la maegesho la Ann Street, kusini mwa Manhattan jijini New York, lilianguka. Magari yaliyopangwa juu ya paa yalishuka pamoja na zege, ghorofa moja ikiiangukia nyingine. Meneja wa maegesho yale alifariki na watu wengine watano wakajeruhiwa. Zimamoto walipoona mabaki bado hayajatulia waliwatoa askari wao, wakaingiza roboti ya miguu minne. Jengo lenyewe lilikuwa la mwaka 1925.

Mimi umri wake haukunishtua. Kuna majengo ya umri huo yanayodumu kwa sababu yanatunzwa. Kilichonikera ni kwamba mwaka 2003 idara ya majengo ya jiji ilikwisha kuandika kosa dhidi ya jengo hilo, kuhusu nyufa na zege lililokuwa likimomonyoka. Miaka 20 baadaye kosa hilo lilikuwa bado halijafungwa kwenye kumbukumbu za jiji. Kwa muda wote huo magari yaliingia na kutoka, na ada ikaendelea kulipwa.

Baada ya ajali ile, wengi walilaumu uzito wa magari ya siku hizi. Hoja ipo. Ford Model T, gari la zama zile jengo lilipojengwa, halikufika kilo 800. Hummer ya umeme ya leo inapita tani 4. Lakini tupige hesabu kidogo. Uingereza, sakafu ya maegesho ya magari madogo kwa kawaida husanifiwa kubeba takriban kilo 250 kwa kila mita ya mraba. Nafasi ya mita 2.4 kwa 4.8 kwa hiyo hukadiriwa kubeba karibu tani 2.9, na gari la familia la tani 2 halifiki huko. Na kule Wolverhampton, hukohuko Uingereza, mwezi Machi 1997, kipande cha ghorofa ya juu chenye tani 120, cha jengo la maegesho lililojengwa mwaka 1965, kilianguka usiku, saa ambazo hakuna msongamano wowote wa magari.

Kwa hiyo uzito ni tatizo, hasa pale wahudumu wanapoambiwa wajaze magari mpaka kwenye njia za kupita. Ila mzigo huo unaua pale sakafu inapokuwa imepoteza nguvu iliyoandikwa kwenye michoro. Na nguvu hiyo inaliwa na maji yenye chumvi.

Huku Ontario, Kanada, ninakoishi, barabara humwagiwa chumvi majira yote ya baridi ili barafu iyeyuke. Gari linaingia maegesho limebeba tope la theluji na chumvi chini ya bodi, joto likilipata linachuruzika sakafuni. Maji hayo hupenya zege polepole mpaka yafike kwenye nondo. Nondo ikishika kutu huvimba, maana kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwepo, na zege linasukumwa kutoka ndani mpaka linapasuka na kubanduka. Ufa ule nao unafungua njia kwa maji mengine. Wa Dar, Mombasa au Unguja wanaujua ugonjwa huu hata bila theluji, kwa sababu kwao chumvi inakuja na upepo wa bahari. Watazame chini ya baraza la ghorofa yoyote ya zamani karibu na ufukwe, wataona nondo nyekundu zimechungulia nje.

Kwenye maegesho ya chini ya jengo ninamokaa, juu ya nafasi ya jirani yangu kuna ufa unaovuja. Pembeni mwake yameota matone meupe ya chokaa, magumu, marefu kama kidole. Uongozi wa jengo ulifunga kipande cha bati chini ya ufa ule, kikipeleka maji kwenye bomba ukutani. Rangi ya gari imeokolewa. Sakafu iliyo juu ya bati inaendelea kuliwa, na sasa hata hatuioni. Nimeandika barua, nikajibiwa kwamba ukaguzi ulishafanyika. Nani alifanya, na alilipwa na nani, sikuambiwa.

Swali hilo la malipo ndilo ninalolishikilia, kwa sababu ya Elliot Lake, mji mdogo wa zamani wa migodi ya urani kaskazini mwa jimbo letu. Duka kubwa la mji huo liliwekewa maegesho juu ya paa, na paa hilo lilivuja tangu lilipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wapangaji walikinga kwa ndoo. Maktaba ya mji, iliyokuwa humo ndani, ilifunika vitabu kwa maturubai. Aprili 2012 mhandisi alikagua, na ripoti ikasema jengo ni imara. Tarehe 23 Juni mwaka huohuo, kiungo kimoja cha chuma kilichokuwa kimeliwa na kutu kiliachia, sehemu ya maegesho ikaanguka ndani ya duka, wanawake wawili wakafariki. Tume ya uchunguzi ilielezwa kwamba ripoti ile ilikuwa imebadilishwa kwa ombi la mmiliki. Ripoti ya tume, iliyotoka Oktoba 2014, haikuishia kwenye kutu. Ilisema wazi kwamba walioshindwa ni watu.

New York nayo ilikuwa na sheria kabla ya Ann Street. Sheria ya mwaka 2021 ilitaka kila jengo la maegesho likaguliwe na mhandisi mwenye sifa kila baada ya miaka 6. Zamu ya eneo lile ilikuwa inaisha Desemba 2023, na jengo likaanguka miezi 8 kabla. Kibaya zaidi, ofisi ya mwendesha mashtaka wa Manhattan ilieleza baadaye kwamba mafundi walikuwa wakitoa matofali kwenye nguzo inayobeba mzigo, wakiikarabati, bila kuweka egemeo la muda la kushika mzigo. Magari yalikuwa bado juu. Hakuna aliyeshtakiwa kwa jinai.

Hata kwa sheria hiyo, mhandisi huajiriwa na mwenye jengo. Wahandisi watasema wana chombo chao cha nidhamu na leseni zao ziko hatarini. Wengi wao ni waaminifu, sina shaka. Lakini anayelipwa na mtu anayepoteza mapato kila ghorofa inapofungwa anawekwa mahali pabaya, na Elliot Lake ilituonyesha panavyokuwa. Mmiliki alipe ada kwa jiji, jiji ndilo limpange mkaguzi, na ripoti ibandikwe mlangoni pale tunapochukua tiketi. Kosa likiandikwa, sakafu iliyo na kosa ifungwe mpaka itengenezwe, isingoje miaka 20. Ukarabati wa nguzo usianze kabla magari hayajaondolewa na egemeo halijawekwa.

Na wale wanaotuegeshea magari wapewe namba ya kuripoti moja kwa moja jijini, bila kupitia kwa bosi. Wao wanashinda chini ya dari hizo kutwa nzima, na wao ndio wanaofagia vipande vya zege vinavyodondoka.