Bingwa wa Slamu Si Lazima Ndiye Awe na Funguo

Wiki mbili zimepita na bado nina hasira kwa hivyo wacha niandike tu nitulie.

Ilikuwa Jumamosi, ukumbi wa mtaa huku Eastlands, Nairobi, kikao chetu cha kila mwezi cha mashairi ya vijana. Akapanda msichana mmoja wa form two, mara yake ya kwanza, shairi liko kwa simu yenye kioo kimepasuka katikati mpaka akawa anaiinamisha hivi na hivi ndio aone ule mstari wa kati. Alikuwa anasema juu ya mamake anayefulia watu nguo kwa mafleti, anarudi jioni mikono imekunjamana kama ya mtu aliyelala ndani ya maji, halafu kwao sare ya shule inafuliwa usiku wa manane kwa sababu nguo za watu ndizo za kwanza. Dakika mbili hivi, labda na nusu. Alipomaliza watu walinyamaza, si ile ya kuboeka, ile nyingine, halafu vidole vikaanza kulia, ndiyo pongezi yetu kwa mshairi, kutoka viti vya nyuma vikija mbele.

Sasa mwenyekiti wetu akachukua maiki. Ati anataka tuelewe vizuri "kile dadetu alikuwa anajaribu kusema". Jamaa akaeleza shairi la mtoto dakika kumi na mbili (niliangalia saa), akaingia kwa ubepari, akapitia kwa babake mwenyewe, akatoka na mashairi yake mawili tuliyoyasikia mwezi uliopita na ule mwingine. Msichana bado amesimama pale kando ya spika, hajui kama ashuke ama amepewa heshima. Alishuka mwenyewe polepole kama mtu anayetoka kanisani katikati ya mahubiri.

Mtu pekee aliyemfuata nje ni Shosh.

Shosh ana miaka ishirini na nne, tunamwita hivyo kwa utani kwa sababu anatuchunga kama wajukuu. Hajawahi kuandika shairi hata moja. Lakini funguo za stoo anazo yeye, amezifunga kwa kamba ya kiatu zinaning'inia shingoni, na ana lile daftari la kaunta lenye kila mtoto aliyewahi kupita kwetu: jina, anakaa wapi, namba ya mzazi, anaenda nyumbani na nani. Anajua soketi ya dirishani inachoma, anajua kebo ya maiki inashikiliwa na selotepu na ukiikanyaga hapa inakufa, anajua viti arobaini ni vya kanisa na vinarudi leo leo. Ikifika saa kumi na mbili na nusu anasimama mlangoni anahesabu wasichana, anawapeleka stegi ya matatu. Kama mshairi bado anaendelea, basi anaendelea bila wasichana.

Mwaka jana tulipochagua mwenyekiti, tulimchagua huyu jamaa kwa sababu alikuwa ameshinda slamu, yale mashindano ya mashairi ya jukwaani. Hiyo tu. Sababu nyingine sikumbuki. Na mimi niliinua mkono, tena juu kabisa.

Ndio nasema hivi, na najua kuna watu wa hii fani watanikasirikia: tumezoea kudhani mkali wa jukwaani ndiye anafaa kushika uongozi, na hizo ni kazi mbili tofauti, mara nyingi hata zinavutana. Jukwaa linataka mtu anayependa macho ya watu, na uongozi wa vijana unataka mtu ambaye akiona macho yote yako kwa mtoto wa mtu mwingine anafurahi na kukaa kimya. Wenye vyote viwili wapo lakini ni wachache.

Na si lazima niende mbali. Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma, aliongoza UKUTA, kile chama cha usanifu wa Kiswahili na ushairi Tanzania. Mshairi alikuwa, hilo halina ubishi, lakini angalia kitu alichotuachia: ngonjera. Ngonjera huwezi kuifanya peke yako! Lazima awepo wa kuuliza na wa kujibu, huyu abishe yule amvute, mwisho waelewane, kwa hivyo hata ukiwa bingwa wa mabingwa unahitaji watoto wengine pale mbele. Alikufa 1969, vitabu vya Ngonjera za UKUTA vikatoka baada yake, na mpaka leo nenda siku ya wazazi shule yoyote utakuta watoto wawili wamevaa soksi nyeupe wanarushiana beti. Ndio, nyingi zilikuwa za kupigia debe Ujamaa, tusijifanye hatujui, lakini mtu aliyebuni mtindo unaowadai wengine wapande jukwaani alikuwa ameelewa kitu kuhusu uongozi.

Halafu hii slamu yenyewe tunayoipenda, ilianzishwa na Marc Smith, mtu wa kazi za ujenzi kule Chicago, katikati ya miaka ya 80, na tangu 1986 ikawa inafanyika baa inaitwa Green Mill. Majaji ni watu watano wanaookotwa pale pale ukumbini, yaani mtu alikuja kunywa bia yake anapewa kikaratasi cha alama sifuri mpaka kumi, alama ya juu kabisa inatupwa na ya chini kabisa inatupwa, mshairi ana dakika tatu. Tatu! (Wetu alichukua kumi na mbili kueleza ya wenyewe.) Lakini kitu kinachonifurahisha zaidi ni mila moja ya pale: Smith akisimama ajitambulishe, "mimi ni Marc Smith", ukumbi mzima unamjibu kwa sauti moja, "Kwa hivyo?!" Mwanzilishi mwenyewe! Kila akisimama anakumbushwa na walevi kwamba jina lake si habari. Huku kwetu mwenyekiti akitaja jina tunapiga makofi, na usipopiga unaulizwa kwenye grupu una shida gani.

Wote tulimwona Amanda Gorman, yule mshairi wa Marekani, 2021 na lile koti la njano siku Biden anaapishwa, mwaka huo kila kikao kilikuwa na wasichana watatu wanaotaka kuwa yeye, na ni vizuri. Lakini hakuanzia pale. 2014 alikuwa ameshachaguliwa mshairi kijana wa Los Angeles, 2017 akawa wa kwanza wa taifa zima, na huo mpango ulijengwa na shirika la vijana la New York linaitwa Urban Word. Miaka yote hiyo kuna watu walikuwa wanapanga warsha, wanatoa kopi, wanapigia wazazi simu. Hao hawana koti la njano. Siwajui majina, nyinyi pia hamwajui, na nadhani wao wenyewe hawana shida na hilo.

Sasa upande wa giza, maana hii hasira yangu si ya maiki tu. Watoto wakipanda jukwaani wanasema vitu hawajawahi kumwambia mtu. Mwingine anasema juu ya mjomba. Mwingine anasema hataki kuendelea kuishi, na sisi tunaliza vidole. Nani anamfuata nje? Young Chicago Authors ni shirika kubwa la vijana, tamasha lao Louder Than a Bomb lilianza 2001 likawa mfano kwa miji mingi, na bado 2021 bodi yao iliwaondoa viongozi wawili wa juu baada ya lawama kuhusu jinsi shirika lilivyoshughulikia tuhuma za unyanyasaji wa kingono, hata jina la tamasha likabadilishwa. Kama shirika lenye bodi, ofisi na mishahara liliweza kufika hapo, sisi wenye daftari la kaunta tunajiamini nini? Yaani ukiuliza kwetu mtoto akilalamika anaenda kwa nani jibu ni "kwa Shosh", na Shosh hana cheo, hayuko kwa barua za ufadhili, kwenye bango jina lake halijawahi kutokea hata kwa zile herufi ndogo za chini.

Najua mtasema kiongozi asiyekuwa msanii ataua sanaa, ataleta risiti na mikutano. Kuna ukweli hapo, nimeona vikundi viligeuka kuwa ripoti za wafadhili tupu, mashairi yote ni ya kunawa mikono. Na huyu jamaa si mwizi, wacha niseme wazi, spika tulizonazo ameleta yeye na siku mlinzi alitaka kutufungia nje alitoa pesa yake mfukoni. Lakini msanii anaweza kuongoza akikubali kupunguza usanii. Joy Mboya alikuwa mwimbaji, wazee wetu wanalijua kundi la Musikly Speaking, lakini sisi wadogo tunamjua kwa GoDown, lile godauni la Industrial Area lililogeuzwa nyumba ya wasanii kuanzia 2003. Waliofanya mazoezi mle ndani wengi hata hawajui kwamba mwenye nyumba alikuwa anaimba. Kwangu hiyo ndiyo sifa kubwa unaweza kumpa.

Mimi ningeomba kitu kidogo tu, mwenyekiti asisome siku anayoendesha. Anaita jina, anatoa maiki, anakaa. Nililiandika hilo kwenye grupu Jumapili, nikaambiwa nina wivu, mwingine akaniwekea ile emoji ya nyoka.

Halafu juzi usiku Shosh naye akaandika. Amepata kazi supamaketi, shifti ni za wikendi, kwa hivyo kuanzia mwezi ujao hatakuwa anakuja, anauliza nani anaweza kuchukua funguo na daftari, pia akaweka kwamba amempigia simu mamake yule msichana wa form two na mama amekubali arudi lakini lazima kuwe na mtu wa kumfikisha stegi. Watu sitini na moja wamesoma. Mwenyekiti alikuwa wa kwanza kujibu, akatuma bango la shoo yake ya Ijumaa. Mimi niliweka kidole gumba.