Orijino, Lakini Siyo Orijino Sana

Leo saa nne asubuhi, katika duka moja la spea pale Mwanjelwa, hapa Mbeya, kijana aliyevaa kofia ya sufu alinishikisha gasketi ya hedi ya injini, akanitazama usoni, kisha akaniambia kwa upole kwamba gasketi hiyo ni orijino, lakini siyo orijino sana. Nimefundisha fizikia sekondari kwa miaka 19, na katika muda huo nimepima uzito, joto, mwendo na shinikizo la hewa, ila kipimo hicho sijawahi kukutana nacho. Nilitamani kumwuliza kama nyumbani kwake ana mke, lakini siyo mke sana. Umri wangu ukanizuia, na pia sauti ya fundi niliyemwacha gereji, ambaye aliniagiza nisirudi mikono mitupu kwa kuwa gari langu linaziba nafasi ya wateja wengine kwa wiki ya tatu sasa.

Sitasimulia kwa kirefu namna injini ilivyochemka, maana kila mwenye gari dogo kuukuu hapa kwetu anaujua ule mpando wa kutoka Kyela. Nilikuwa na gunia la mchele la shemeji yangu wa mtaa wa Forest, mikungu miwili ya ndizi niliyoipakia Tukuyu, na abiria watatu ambao kila mmoja alijieleza kuwa ni mwepesi. Tulipoipita Kiwira tukiitafuta Isongole, kifuniko cha rejeta nilichonunua mwaka jana kwa shilingi 3,000 kikaamua kustaafu kabla yangu. Kifuniko hicho hakipo pale kuzuia maji yasimwagike tu. Springi yake huyabana maji yasichemke mpaka yapite nyuzi 110, wakati hapa Mbeya mjini, takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji yasiyobanwa huchemka yakifika nyuzi 94 hivi, na kule juu Isongole huwa hayangoji hata hizo. Haya nayaandika ubaoni kila mwaka. Naandika pia kwamba aluminiamu, ambayo ndiyo hedi yangu, yaani kichwa cha injini, hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha kusubu, ambacho ndicho bloku yangu, yaani kiwiliwili cha injini, na kwamba chombo kilichowaka moto hakimwagiwi maji ya baridi. Pamoja na elimu yote hiyo, nilichota maji ya mto kwa dumu la lita tano nikaimwagia injini, kwa sababu abiria walikuwa wananitazama na nilihitaji kuonekana kuwa ninafanya jambo.

Fundi alipofungua kifuniko cha oili tulikuta chai ya maziwa, yaani oili iliyochanganyika na maji. Hakuhitaji kusema zaidi. Gasketi ile nyembamba imepewa kazi ya kuwatenganisha moto, maji na oili, wapangaji watatu wasiosalimiana ndani ya nyumba moja, na ukiona wawili wameanza kukaa pamoja ujue ukuta umeanguka. Hedi ikapelekwa kwenye mashine kusagwa uso, kwa sababu hedi ya aina yangu hairuhusiwi kupinda zaidi ya milimita 0.05, kipimo kilicho chembamba kuliko unywele, ingawa fundi wangu alikuwa radhi kuipima kwa kufumba jicho moja na kuinyoosha kwa msasa uliobandikwa kwenye kioo.

Basi turudi kwa kijana wa kofia ya sufu. Juu ya kaunta yake aliniwekea maboksi matatu. La kwanza lilikuwa la shilingi 18,000, nalo akaliita orijino. La pili lilikuwa la shilingi 45,000, hilo akaliita orijino yenyewe. La tatu lilikuwa la shilingi 130,000, akalishusha kwa mikono miwili kutoka juu ya kabati, akalipuliza vumbi, akasema, "Mzee, hii sasa ndiyo orijino." Nikamwuliza kwa utaratibu tofauti ya hizo tatu ni nini, ikiwa zote ni orijino. Akanijibu kwamba tofauti ni bei.

"Nafahamu tofauti ni bei, kijana wangu, nimeisikia. Nauliza tofauti ya kitu chenyewe."

"Kitu chenyewe inategemea na mfuko wa mteja, mzee."

Nikavaa miwani. Boksi la kwanza lilikuwa na neno la Kiingereza la kusema kwamba kitu ni halisi, nalo lilikuwa limekosewa herufi mbili, kosa ambalo hata mwanafunzi wangu wa mkiani angelirekebisha. Nilipomwonyesha, akasema kiwanda kile ni cha Wajapani, na Wajapani Kiingereza chao si kizuri. Nikatoa kwenye gazeti gasketi yangu ya zamani, iliyoungua kati ya silinda ya pili na ya tatu, nikailaza juu ya ile mpya kama wafanyavyo washonaji wanapokagua kipande cha kitambaa. Pete za silinda zililingana. Matundu ya boliti yalilingana. Lakini lile tundu la pembeni, ambalo oili hupandia kwenda kulainisha vyuma vya juu, lilikuwa limeenda kushoto kiasi cha nusu ya upana wake.

Kufikia hapo kaunta ilikuwa imeshapata wajumbe. Dereva wa haisi aliyekuja kununua balbu aliinama kutazama, bodaboda akainama juu ya dereva, na mama mmoja aliyekuwa akipita na beseni la maparachichi alisimama mlangoni, akashusha beseni lake, akaomba nafasi. Aliitazama ile gasketi kwa muda mfupi kuliko sisi sote.

"Hiyo haikai," alisema. "Tundu halioni mwenzake."

"Mama yangu, likishapata moto litajifungua lenyewe," kijana akasema.

"Chuma kijitoboe?"

"Moto, mama. Moto unafanya kazi kubwa."

Bodaboda akaunga mkono kwamba moto unafanya kazi kubwa. Dereva wa haisi akasema ya kwake aliwahi kuipaka gamu ya silikoni pande zote mbili na ikakaa miezi miwili. Nilipomwuliza baada ya hiyo miezi miwili ilikuwaje, akakumbuka kwamba amefuata balbu. Mimi, ambaye nilikuwa nimejiapiza kutopandisha sauti mbele ya watu wanaoweza kuwa wazazi wa wanafunzi wangu, nilipandisha sauti. Nilisema kwamba mshahara wangu hautoi gasketi kila baada ya miezi miwili. Nilisema kwamba nikiuziwa ya 18,000 nitalipa tena ufundi, tena oili, tena kulanti, na pengine hedi nzima. Yule mama akanishika mkono, akaniambia kwa Kinyakyusa, "Ndaga, baba," kwa sauti ya msibani, kisha akajaribu kuniuzia parachichi.

Nikaomba boksi la tatu. Lilikuwa na stika inayong'aa, na nilikuwa nimeshaanza kuhesabu moyoni nimkope nani, nilipolinganisha namba. Iliyo kwenye boksi iliishia na 6. Iliyogongwa kwenye gasketi yenyewe iliishia na 9. Kijana hakutikisika hata kidogo.

"Mzee, hiyo ni sita. Umeishika kichwa chini."

Nikaigeuza. Ni kweli ikawa sita, ila namba nyingine zote zikasimama kwa vichwa, na sita yenyewe ikahamia mwanzo. Watu wanne wazima tuliigeuza gasketi ile huku na huku, mpaka bodaboda alipotangaza kwamba namba si hoja, hoja ni imani. Nikaaga.

Ya kweli niliipata Sokomatola, kwa mzee mmoja asiyekuwa na maneno mengi, ambaye kabla hajainuka kitini aliniuliza, "Hedi imesagwa kwa mashine au kwa msasa?" Alikuwa mtu wa kwanza siku nzima kuniuliza swali. Akaeleza kwamba gasketi ya chuma cha tabaka hutaka uso laini kabisa, na ukimpa fundi wa msasa itavuja hata kama umeinunua kwa dhahabu, ilhali ile ya grafiti huvumilia kidogo. Kisha akaniwekea mezani moja ya chuma, ya shilingi 85,000, akasema haina jina la kampuni ya gari, imetoka kwenye kiwanda kingine cha gasketi, ila wanajua kazi. Neno orijino halikutoka kinywani mwake. Niliilaza juu ya ile yangu ya zamani, matundu yakaonana yote, nikalipa pale pale bila kuomba punguzo, jambo ambalo mke wangu hapaswi kulisikia.

Ugomvi wa boliti ulikuwa mfupi. Fundi alitaka kurudisha zile kumi za zamani kwa hoja kwamba chuma hakichoki; nikazisimamisha kando ya mpya nilizonunua kwa yule yule mzee, na saba kati yake zilikuwa zimerefuka, kwa kuwa boliti za aina hii hutengenezwa zivutike zinapokazwa. Ndipo tukafika kwenye kukaza, ambako huanzia katikati kwenda pembeni, kwanza kwa spana yenye kipimo cha nguvu, kisha kila boliti inazungushwa nyuzi 90, kisha 90 nyingine. Fundi akasema mkono wake una kipimo. Nikamwambia mkono wake namheshimu, nikafungua buti, nikatoa protakta ya mbao ya ubaoni niliyoiazima kwa mwalimu wa hisabati. Ilikuwa kubwa kuliko injini. Vijana wa gereji waliacha kazi zao, na mmoja akanipiga picha nikiwa nimeinama ndani ya boneti na protakta ile kifuani kama ngao, picha ambayo kufikia jioni ilikuwa imeshawafikia wanafunzi wangu.

Themostati, ile vali inayoyazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, tuliigombania kwa nguvu zaidi. Fundi aliitupa kwenye ndoo ya vyuma chakavu, akinieleza kwamba kifaa hicho ni cha magari ya nchi za baridi. Alinieleza hayo akiwa amevaa sweta mbili na koti juu yake, mwezi wa saba, mji ambao asubuhi ukienda Uyole unakuta majani yamepigwa na jalidi. Nilimwonyesha sweta. Akasema sweta ni mambo ya mwili. Niliinama mwenyewe kwenye ndoo nikaitafuta.

Injini imewaka saa kumi na moja jioni, haitoi moshi mweupe, na oili ni oili. Ningekuwa mtu mwenye furaha kama nisingefungua mlango wa nyuma kulitazama lile gunia la shemeji, ambalo kwa wiki tatu lilikaa ndani ya gari kwa kuwa hakukuwa na namna ya kulibeba. Lilitoka Kyela na kilo 50. Tumelipima dukani kwa jirani, limefika 38. Fundi ameniambia kwa masikitiko kwamba gereji ina panya. Nimelikagua gunia pande zote, halina tundu hata moja, na mdomo wake umefungwa vizuri kwa kamba, fundo ambalo si la kwangu wala si la yule mama wa Kyela. Nimeuliza ni panya wa namna gani huyo anayefungua kamba, anayepima mchele, anayefunga tena. Vijana wote wametazama chini, na nyuma yao, juu ya jiko la mkaa, sufuria lilikuwa linachemka likiwa limefunikwa vizuri na kifuniko chake. Simu inaita sasa hivi, ni shemeji.