Nani alimwacha nani? Jermaine Jackson na mwaka 1975

Mazungumzo kuhusu akina Jackson, wale ndugu watano wa Marekani, Michael akiwemo, walioimba kama Jackson 5, yakifika mwaka 1975, Jermaine hukatiwa hukumu kwa sentensi moja: aliwatupa ndugu zake akamfuata baba mkwe. Hukumu hiyo nimeisikia tangu enzi za kanda, na kila nikiisikia naona imekaa upande. Juni mwaka ule, familia iliwaita waandishi wa habari New York kutangaza kwamba kundi linahama kampuni ya rekodi ya Motown kwenda kampuni ya CBS. Jermaine hakuwepo. Alibaki palepale walipokuwa wote tangu 1969, katika kampuni ileile, chini ya mkataba ambao muda wake ulikuwa haujaisha. Aliyebaki nyumbani ndiye anayeitwa aliyehama.

Tuanze na ndugu zake, maana hoja yao ni ya hesabu na hesabu haina undugu. Motown iliwalipa mrabaha usiofika asilimia 3. Chukua santuri ya dola 5: asilimia 3 ni senti 15. Gawa kwa vijana watano, kila mmoja anaondoka na senti 3, tena hapo meneja hajachukua chake. Na hizo senti 3 zilikuwa na mdomo mwingine wa kulisha. Kwa miaka ile sita walirekodi nyimbo zaidi ya 400, na zilizotoka hazikufika 200, lakini gharama za studio za zile zilizobaki kabatini ziliandikwa kwenye deni lao. Ni kama seremala aliyeambiwa atengeneze viti 400, tajiri akauza 170, kisha akamkata seremala bei ya mbao za vile vilivyobaki stoo. Kila nikiipitia hesabu hii nashangaa walivumilia vipi mpaka 1975.

Kulikuwa na jambo jingine lililomuuma Michael kuliko senti: hawakuachiwa kutunga nyimbo zao wala kusimamia urekodi wao. CBS nako hawakuachiwa siku ya kwanza. Albamu mbili za mwanzo walikabidhiwa watayarishaji Kenny Gamble na Leon Huff wa Philadelphia. Ya tatu, Destiny ya 1978, waliisimamia wenyewe, na humo ndimo ulimotoka wimbo wa Shake Your Body, kazi ya Michael na mdogo wake Randy. Bila kuhama hakuna Destiny, na bila Destiny sioni Off the Wall, albamu ya Michael peke yake ya 1979, ingepitia njia ipi.

Kwa hiyo haki ya kuhama walikuwa nayo, tena kamili. Ninachouliza mimi ni kama yule mmoja alikuwa na haki ya kubaki.

Desemba 1973, akiwa na miaka 19 tu, Jermaine alimwoa Hazel, binti wa Berry Gordy, mwenye Motown. Harusi ilikuwa ya kifalme: hoteli ya Beverly Hills, njiwa weupe, mwimbaji Smokey Robinson akiimba. Mwaka na nusu baadaye baba yake mzazi anamwekea mkataba wa CBS mbele yake atie sahihi. Sisi tuliokulia kwenye adabu za ukwe tunaweza kuuona mkono ule ukisita juu ya karatasi. Kutia sahihi ni kumwaga unga wa mkwe wako na kurudi jioni kulala na binti yake. Kutotia ni kumkana baba mbele ya nduguzo. Na baba mwenyewe ni Joe Jackson, mwendesha winchi wa kiwanda cha chuma kutoka Gary, Indiana, mji wao wa nyumbani, ambaye wanawe wameeleza wenyewe jinsi mazoezi yalivyokwenda na mkanda mkononi. Huyo ndiye aliyetia saini mkataba mbovu wa mwanzo, na sasa ndiye anayesema, nifuateni tena.

Hapa mpinzani wangu atanikatiza: senti 3 zinamhusu nini mkwe wa tajiri? Ndugu zake walikuwa wakipigania riziki, yeye alikwisha kukaa kwenye meza ya mwenye nyumba. Hoja hiyo ina nguvu na siidharau. Lakini fuata kilichotokea. Kati ya 1976 na 1978 Motown ilitoa albamu zake tatu, My Name Is Jermaine, Feel the Fire na Frontiers, na hakuna hata moja iliyotikisa soko. Kama Gordy alimwandalia mkwewe kiti cha enzi, kiti hicho wasikilizaji hawakukiona. Mtu aliyefuata pesa angeona mapema kwamba pesa iko upande wa pili, alikokwenda Michael.

Tena tunasahau alichokuwa nacho kabla. Kule Gary, mwimbaji kiongozi wa kwanza wa kundi alikuwa Jermaine. Alipopitwa na mdogo wake wa miaka michache, alisogea kando akashika gitaa la besi na sauti ya pili. (Wanaompa sifa za besi ya I Want You Back wamsifu Wilton Felder: studioni Motown ilitumia wapigaji wa kukodi, Jermaine alipiga jukwaani.) Sikiliza I'll Be There ya 1970, iliyokaa kileleni Marekani wiki tano. Michael anaanza kwa sauti yake nyembamba ya mtoto, inapanda, inapanda, halafu katikati inaingia sauti ya chini, yenye kifua, kama kaka mkubwa anayeweka mkono begani. Ikitoka sauti hiyo, wimbo ule unabaki kilio cha mtoto peke yake.

Pengo hilo Michael alilikiri. Mwaka ule wa 1975 kundi lilikuwa na maonyesho Westbury, nje kidogo ya jiji la New York, na Jermaine akaondoka kabla ya onyesho baada ya kuzungumza na Gordy kwa simu. Katika kumbukumbu zake Michael anasimulia kwamba miaka yote alizoea kumwona Jermaine ubavuni mwake, na usiku wa kwanza bila yeye alijihisi yuko uchi jukwaani. Ukiniambia Jermaine angeweza kumaliza maonyesho yale kwanza ndipo aage, nitakubali bila ubishi. Hapo ndipo kosa lake lilipo, na ni kosa la namna alivyoondoka.

Gharama waliilipa wote. Motown iliwashtaki kwa kuvunja mkataba, na kesi iliisha 1980 kwa akina Jackson kulipa dola 600,000. Jina la Jackson 5 lilibaki mali ya kampuni, kwa sababu ndivyo ule mkataba aliousaini Joe ulivyosema. Ndiyo maana walipofika CBS wakaitwa The Jacksons, na Randy akajaza nafasi ya kaka yake. Jermaine naye alisubiri mpaka 1980 ndipo akapata wimbo wake uliovuma: Let's Get Serious, uliotungwa na Stevie Wonder na Lee Garrett, ukakaa wiki sita juu ya chati ya muziki wa watu weusi na kufika nafasi ya 9 katika chati kuu. Kwa mwanamuziki mwingine yeyote hayo yangeitwa mafanikio. Kwa Jermaine yanapimwa kwa Thriller, albamu ya Michael, mizani ambayo hata Michael mwenyewe hakuipita tena.

Wanaomlaumu wana ushahidi mwingine wa baadaye, nao ni mchungu zaidi. Mwaka 1991 alirekodi Word to the Badd, wimbo wa kumsuta Michael, na toleo la mafumbo makali likavuja redioni. Huo siutetei. Nasema tu kwamba ulikuja miaka 16 baada ya Westbury, na ni uonevu kuuchukua ule uchungu na kuurudisha nyuma umhukumu kijana wa miaka 20. Kama tunapima maisha yote, basi tuhesabu pia tarehe 25 Juni 2009 hospitalini Los Angeles, pale familia ilipohitaji mtu wa kusimama mbele ya kamera na kutamka kwamba Michael amefariki. Aliyesimama ni Jermaine. Alimaliza kwa kumwombea Mwenyezi Mungu awe naye, kwa jina la Allah, maana tangu 1989, baada ya safari ya Bahrain, alikuwa Mwislamu.

Lakini mimi hurudi zaidi kwenye 1983. Machi ile Motown iliadhimisha miaka 25 katika ukumbi wa Pasadena, na ndugu wakapanda jukwaani wote sita. Maikrofoni ya Jermaine ikagoma. Anaimba, midomo inakwenda, sauti haitoki, na bado anacheka. Dakika chache baadaye wenzake wakashuka, Michael akabaki peke yake na wimbo wake Billie Jean, na dunia ikasahau kilichotangulia.

Mwaka huo Jermaine aliondoka Motown, akahamia kampuni ya Arista. Albamu yake ya 1984 ilikuwa na wimbo alioimba na Michael, Tell Me I'm Not Dreamin', ndugu wawili wakipokezana mistari kama zamani. Redio ziliupiga, na baadaye uliteuliwa kuwania Grammy. Kwenye maduka ya Marekani hukuweza kuununua kama singo. Michael alikuwa mali ya CBS, Jermaine mali ya Arista, na kampuni hizo mbili hazikuelewana.